Tunamfufulia mzee pikapu yake, mbona kaisusa?

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa barua ndefu, naiandika usiku watu wamelala na kichwa kimejaa. Mi ni mtoto wa pili kati ya watatu, nina kaka mkubwa na mdogo wangu wa kiume, na mzee wetu ana miaka 74. Mzee ana pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1976, ile yenye injini ya 12R, gia nne, rangi zamani ilikuwa bluu saa hizi hata haijulikani. Hiyo pikapu ndo ilitulea. Imebeba mbao, imebeba saruji, imebeba maharusi na wagonjwa, na sisi tulipanda nyuma kwenda shule vumbi mpaka kwenye kope. Miaka 11 sasa imelala chini ya turubai pembeni ya nyumba, haijawaka hata mara moja.

Mwaka jana tukakaa watoto wote tukasema mzee akifika 75 tumkabidhi gari lake likiwa jipya kabisa, iwe kazi ya familia, na wajukuu washiriki. Tukafungua na grupu la WhatsApp. Kaka ndo mwenye hela ila anaishi mbali, mdogo wangu ndo mwenye mikono (kajifunzia kwenye video lakini kweli spana anajua kuishika), mimi ni wa kufuatilia spea na kutunza risiti. Halafu kuna binti yangu wa miaka 13, huyo hashikiki, kila Jumamosi yuko pale kabla yetu.

Wikiendi mbili za kwanza Mjomba usingeamini, tulifungua gari lote. Milango, viti, bampa, kabureta, dashibodi, waya zote nje. Bolti zote tukatia kwenye ndoo moja. Tukapiga picha, tukacheka, tukajiona mafundi. Ni miezi saba sasa na hakuna hata kimoja kilichorudi.

Ugomvi umetokea kila upande. Kaka anasema hiyo injini ni ya makumbusho, eti mafuta ya siku hizi haiyawezi, tutafute injini ya kisasa na gia otomatiki, rimu pana, viti vya ngozi na rangi nyeusi ya kung'aa, na kwa vile ye ndo anatuma hela anaona kauli ya mwisho ni yake. Mdogo wangu anasema akiona mtu anakata ile chasisi kuingiza injini nyingine yeye anafunga mikono. Afu yeye mwenyewe kapaka puti kwenye sakafu ya kebini palipokuwa na matobo, ukitazama pamenyooka ila mi nina wasiwasi. Injini nayo imekwama, alijaribu stata ikalia "ta!" ikanyamaza, na sasa anataka Jumamosi ijayo tuifunge kamba nyuma ya gari lingine, aweke gia ya pili, ivutwe mpaka izunguke.

Lakini kinachoniuma ni mzee. Siku ya kwanza alitoka na kiti chake akakaa karibu akawa anasema "msianze na milango, anzeni na breki". Tukamwambia mzee wewe pumzika, hii ni zawadi yako, wewe kazi yako ni kuendesha tu. Akanyamaza. Wiki ya pili mdogo wangu alikuwa anatupa vitu vibovu kwenye rundo la chuma chakavu, akatupa na kipande cha bati kilichokunjwa kunjwa kilichokuwa kinashikilia betri, kina kutu, kibaya kweli. Mzee akainuka, akachakura kwenye lile rundo mpaka akakipata, akakipangusa kwa shati lake, akakitia mfukoni, akachukua kiti chake akaingia ndani. Hajatoka tena. Juzi mgeni akamuuliza "hii pikapu yako vipi, mnaitengeneza?" akajibu "ni ya watoto hiyo".

Mjomba, tuendelee au tuuze tu kama ilivyo tugawane amani? Nani ana haki kwenye suala la injini? Na mzee nimrudishe vipi? Binti yangu nae kaanza kununa, anasema yeye kazi yake ni kushika tochi tu.

Binti wa Katikati

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mjomba na mara ya pili kama mtu aliyelala chini ya magari miaka mingi mpaka mgongo ukakataa. Zote mbili zimenipeleka palepale kwenye kiti cha mzee.

Baba yako mmemfukuza kazi. Mmefanya kwa upendo, sina shaka, na mmefanya huku mnacheka na kupiga picha, ila ndivyo ilivyo. Mtu kaendesha lile gari, kalitengenezea njiani usiku, anajua likiwa na mzigo linavuta upande gani, halafu siku linafunguliwa anaambiwa wewe kaa, zawadi yako hiyo. Zawadi ya kitu chake mwenyewe! Wanasema penye wazee haliharibiki neno, sawa, ila sio kama mzee mmempa kiti na kumwambia anyamaze. Na alichowaambia kilikuwa sahihi neno kwa neno, nitafika huko.

Hicho kipande cha bati hebu nikueleze mi ninavyokiona. Betri ikiwa haijashikiliwa inacheza, gari likipiga shimo inaruka, ncha yake inagusa bonet au bati la pembeni, cheche zinatoka, na hapo juu yake kuna hewa inayowaka inayotoka kwenye betri yenyewe. Gari linaweza kuungua hivohivo. Kwa hiyo kuna siku kishikio cha kiwandani kilikatika, na mzee wako badala ya kufunga kamba kama wengi, akatafuta bati, akalikunja, akatoboa tundu mbili, akakaza. Ukipata nafasi ya kukiona tena angalia kingo zake, nina hakika utakuta zimepigwa tupa ili zisikate waya. Kile mlichokiona uchafu ni kazi ya mikono yake, na pengine ndo kitu pekee kwenye gari zima alichokitengeneza yeye kuanzia mwanzo. Kikaenda skrepa mbele ya macho yake.

Sasa kumrudisha. Usimwitie kikao. Msije watoto watatu mkajipanga sebuleni kuomba radhi kwa hotuba, mzee wa miaka 74 atawaambia "hamna shida" na mlango utakuwa umefungwa kabisa. Mpelekee kazi. Unayo tayari, ile ndoo ya bolti. Mimi nilipofika hapo kwenye barua niliguna peke yangu, bolti za gari zima ndoo moja, aisee. Ila ndoo hiyo ndo itakayowaokoa. Mchukue binti yako, mchukue na ndoo, mtandike gunia mbele ya mzee mmwage zote, mwambie ukweli: baba tumechanganya, hatujui ipi ni ya wapi. Usiongeze neno. Gari la Kijapani la umri ule bolti zake nyingi zitakuwa za spana 10, 12, 14 na 17, kwa hiyo mjukuu anaanza kuzigawa kwa spana, kisha kwa urefu, kisha babu anaokota moja moja anasema hii ya bampa, hii ya kishikio cha alteneta, hii nyie mmeitoa wapi? Kila fungu kwenye mfuko wake, karatasi ndani, jina la sehemu limeandikwa kwa mkono wa mtoto. Kazi ya siku mbili tatu hiyo, ya kukaa, haitaki magoti wala mgongo. Na wakati mikono inachambua mdomo utafunguka wenyewe. Hapo ndo uulize vile ambavyo hakuna video itakujibu: ilikuwa inakula oili? Gia ipi ilikuwa ngumu? Ilishawahi kuchemsha? Hedi ilishafunguliwa? Ililala kwa sababu gani, ilikufa au iliegeshwa nzima? Hilo la mwisho ni kubwa, na naona miezi saba hakuna aliyemuuliza, manake kwenye barua yako halipo. Simu iwe inarekodi.

Jumamosi ijayo sasa. HIYO KAMBA MSIFUNGE. Mwambie mdogo wako Mjomba kasema, na akibisha mwonyeshe hapa. Injini iliyokaa miaka 11 imekwama mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu kidogo tu, kutu ambayo ukiibembeleza inaachia. Ukiilazimisha kwa uzito wa gari zima linavutwa gia ya pili, kitu kitaachia kweli, ila kinaweza kuwa ringi iliyovunjika, konrodi iliyopinda, au valvu iliyoganda kwenye mrija unaoiongoza na fimbo yake ikapinda. Halafu, na hili ndo linanitisha zaidi, mnavuta gari ambalo breki hamjazigusa! Likiwaka ghafla litasimamia wapi? Kwenye bampa la wanaolivuta.

Njia yake ni hii. Toeni plagi zote nne. Kila tundu mwagieni oili nyepesi vijiko viwili vitatu, wengine wanachanganya na mafuta ya gia otomatiki yanapenya vizuri zaidi. Acheni siku kadhaa, ongezeni, acheni tena. Wiki nzima sio nyingi. Kisha gia iwe huru, tafuteni spana ya kuingia kwenye bolti kubwa ya mbele ya krenki, ile inayoshika puli, mbonyeze taratibu upande inakokazia, mrudishe, mbonyeze tena. Msiombe izunguke, ombeni itikisike. Siku itakayosogea hata upana wa ukucha mtaisikia mkononi kabla ya kuiona, kama mlango uliovimba kwa mvua unapoachia. Kazi hiyo apewe mzee ashike spana, mkono wake unajua tofauti ya kukwama na kukataa. Ikishazunguka mizunguko miwili mitatu kwa mkono, funikeni matundu ya plagi kwa kitambaa kabla ya kugusa stata, la sivyo oili yote itawarukia usoni (mi nilishatoka na shati la sikukuu hivyo, tuache).

Baada ya hapo pimeni kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda, geji yake ni kitu kidogo, fundi yeyote wa injini anayo. Kinachotazamwa ni silinda nne zisipishane sana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, itieni kijiko cha oili mpime tena, ikipanda tatizo ni ringi, isipopanda tatizo liko juu, valvu au gasketi ya hedi. Mkishapata namba hizo ndo mnaweza kubishana kuhusu injini. Kabla ya hapo mnabishana hewa.

Na kaka yako tusimfanye adui, hela yake ndo imefikisha hapo, na mtu aliye mbali anatamani kuona kitu kikubwa manake vidogo havionekani kwenye picha. Ila hoja yake ya mafuta ina nusu ya ukweli tu. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ile risasi ilikuwa inalinda kiti cha valvu kisiliwe. Petroli hiyo kwa magari ya barabarani imekwisha dunia nzima, nchi ya mwisho kuacha ilikuwa Algeria mwaka 2021. Magari ya zamani hayakufa siku hiyo. Siku hedi ikifunguliwa, mwambieni fundi wa mashine aangalie viti vya valvu za ekzosi, kama ni laini anatia vigumu, basi. Vitu vinavyoliwa kweli na mafuta ya siku hizi ni mpira, hozi za mafuta na dayaframu ya pampu, hasa petroli iliyochanganywa ethanoli, na hivyo mnabadilisha vyote hata hivyo kwa ajili ya umri.

Injini ya kisasa na otomatiki mi siipingi kwa dini. Ila muulizeni kaka kama amehesabu. Ukitia injini yenye nguvu mara mbili, unahitaji breki za kuisimamisha, na hiyo pikapu ilizaliwa na breki za drami na nguvu ya lita 1.6. Unahitaji vishikio vipya vya injini, propela shafti ikatwe au irefushwe, rejeta kubwa, pampu ya mafuta ya umeme, waya za kompyuta, na makaratasi ya gari yabadilishwe manake namba ya injini si ileile tena. Kila kimoja kinazaa vitatu. Gari lililokwama miezi saba kwa kufunguliwa tu, litakwama miaka kwa hilo. Na kaka ukimpa mambo ya kisasa ambayo hayakati chuma atafurahi pia: mikanda ya usalama ya begani, hiyo muhimu kuliko rimu zote duniani, na kifaa cha umeme badala ya pointi (swichi ndogo ya kutoa cheche) kwenye distribyuta, ile inayogawia plagi umeme, kidogo hivi, kinaingia ndani hata hakionekani na gari linawaka asubuhi bila ugomvi. Mwombe hela kwa hatua. Hatua moja, orodha moja, picha ya kabla na ya baada. Mtu akiona breki mpya zimefungwa zinang'aa anatuma ya hatua inayofuata bila kuuliza rimu.

Puti. Mwanangu wasiwasi wako ni wa kweli. Puti kazi yake ni kulainisha chuma kizima kabla ya rangi, milimita mbili tatu, haibebi kitu. Sakafu ya kebini inabeba kiti, kiti kinabeba mtu. Chukua sumaku ndogo ifunge kwenye kitambaa upitishe, isiposhika hapo chini hakuna chuma. Ibanduliwe yote, pakatwe mpaka kwenye chuma chenye afya, pachomelewe bati jipya. Na kabla ya sakafu, chasisi. Mtu na bisibisi na nyundo ndogo apite urefu wote, hasa karibu na vishikio vya springi na sehemu zinazokusanya matope, agonge asikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema "pu". Bisibisi ikizama hapo kila kitu kingine kinasubiri. Chasisi ikiwa imeliwa sana pande zote ndo pekee ningekuelewa ukiniambia tuache.

Sasa neno la mzee, "anzeni na breki". Gari likilala miaka 11 breki ndo zinazokufa kimyakimya kuliko vyote. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka kwenye hewa, maji yanaozesha silinda ndogo za kwenye magurudumu kutoka ndani, mpira unaganda, na zile hozi za mpira zinavimba kwa ndani wakati kwa nje zinaonekana nzima, ukikanyaga mafuta yanaenda, ukiachia hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa. Kwa hiyo mastasilinda, silinda ndogo, hozi, shuu zote, msitafute kuokoa, badilisheni. Na wakati wa kufungua drami msipulize vumbi na kompresa! Breki nyingi za miaka ile zilikuwa na asbestosi, vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Lowesheni kwa maji, futeni na kitambaa kibichi, kitambaa kifungwe kwenye mfuko kitupwe, na mtoto siku hiyo asiwepo. Hali kadhalika msasa wa rangi ya zamani, inaweza kuwa na risasi, sugueni kwa maji.

Tairi nazo hata kama meno yamejaa someni ubavuni, kuna namba inayoanza na herufi DOT, tazameni tarakimu zake nne za mwisho, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zilizopita miaka kumi ziwe za kusukumia gari uani tu. Tangi livuliwe lisafishwe, na mtu asije akalichomelea kwa sababu "liko tupu", tangi tupu la petroli lina mvuke na mvuke ndo unaolipuka.

Mpangilio wangu mimi ni mmoja tu: liwake, lisimame, ndo lipendeze. Rangi ya mwisho kabisa. Nyie mmeanza na kuvua nguo. Na sikucheki, nilifanya hivohivo na gari langu ujanani, nikalifungua lote kwa wiki moja, likakaa kwenye maboksi miaka sita, mwisho likachukuliwa na mtu kwa bei ya maboksi. Siku analipakia niligundua sikuwahi hata kusikia injini yake ikilia. Kwa hiyo rudisheni kwanza vile vya kuliwezesha kutembea uani, kiti kimoja cha dereva, waya za kuwasha, breki. Likizunguka nyumba mara moja likasimama pale linapotakiwa, mtaona grupu lenu litakavyofufuka.

Binti yako mpe kabureta. Sio kumsaidia mtu kabureta, iwe yake. Ni kazi ya mezani, inahitaji vidole vidogo na macho mazima, na mtoto wa miaka 13 mwenye hamu anaimudu akiwa na mtu mzima pembeni. Meza mpya, kitambaa cheupe ili kitu kikidondoka kionekane, glavu, miwani, dirisha wazi, na mbali na moto wowote. Apige picha kila anapotoa kimoja. Atakuta bakuli la chini limeganda kitu cha kahawia kama gundi, hiyo ni petroli ya miaka 11. Jeti zile za shaba zenye tundu la kupita unywele azisafishe kwa dawa na hewa, asiingize waya hata siku moja, waya unapanua tundu na gari litakunywa mafuta milele. Akilitingisha boya sikioni akasikia maji ndani, limetoboka. Mwisho aifunge mwenyewe na gasketi mpya. Halafu siku gari likiwaka, uone huyo mtoto. Sheria yangu moja kwake na kwa wote: hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, stendi nne, ardhi ngumu, mtikise kwanza gari kabla ya kichwa kuingia. Mdogo wako nae aambiwe hivyo, wa video ndo wanaosahau.

Kuuza? Gari si lenu kuuza. Muulizeni mwenyewe akisema uzeni, uzeni. Na hiyo tarehe ya miaka 75 ifuteni, mnakimbizana na siku ambayo mzee hata hajaambiwa, na surprise yenyewe imeshakufa miezi saba iliyopita alipowaona mnatoa milango yake. Rangi nayo achague yeye, akitaka bluu ileile sawa, akitaka nyeusi ya kaka sawa. Na mlango wa nyuma kama una bonde, msilinyooshe kabla ya kumuuliza limetoka wapi. Pengine atasema linyoosheni. Pengine kuna hadithi.

Lile bati usimwombe akurudishie. Liache mfukoni mwake. Siku betri mpya ikifika ipachikeni mahali pake bila kishikio, itingishe kidogo kwa mkono, kisha ingia ndani umwambie tu, baba, betri inacheza.